Nyumba Niliyoiandikia Sifuri

Siku mliponiaga pale ukumbini mlinivisha vitenge viwili, mkanilisha keki kwa uma, kisha mshereheshaji akanishikisha kipaza sauti akasema, "Bi Tatu atuachie siri ya kazi." Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Wengine mkadhani nimezidiwa na machozi. Machozi gani! Nilikuwa na njaa, na jambo lililokuwa kifuani halisemeki mbele ya watu walioshika vipande vya keki. Sasa nipo nyumbani Soni, sina wa kuniharakisha, nawaandikia nyie mnaobaki kuthamini nyumba za watu katika milima hii. Habari za kupandishwa daraja na mshahara mtanisamehe. Kila mtu anazijua za kwake, na za kwangu hazichekeshi.

Nilianza kazi Lushoto nikiwa binti mwembamba, ndio kwanza nimetoka chuoni. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya mchuchumio, kwa kuwa niliambiwa naenda kuwa ofisa. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Mzee Kaniki, mthamini wa zamani, mtu mkavu, mwenye koti moja la mvua na maneno machache. Alivitazama vile viatu kutoka kisigino hadi ncha.

"Unakwenda kuposwa?"

"Hapana, mzee. Nakuja kazini."

"Haya. Twende tukavioneshe mlima."

Mpaka adhuhuri nilikuwa pekupeku, viatu nimevishika mkononi, matope yamefika magotini. Nyumba tuliyokwenda kuithamini ilikuwa ng'ambo ya bonde, na mzee hakuelekea kule. Alikaa juu ya jiwe upande wetu, akatoa hindi la kuchoma mfukoni, akaanza kula huku akiitazama ile nyumba kwa mbali. Mimi nimeshakunjua tepu, nimeshatoa kalamu, najiona nachelewa.

"Kaa," akasema. "Tazama miti."

"Tumekuja kuthamini nyumba, mzee."

"Nyumba za huku huwa zinakimbia. Ndiyo maana natazama miti."

Nilidhani ananitania, nami nikacheka peke yangu. Baadaye ndipo aliponieleza. Mti uliosimama penye ardhi tulivu huenda juu moja kwa moja. Penye mteremko unaoteleza polepole, shina huinama chini ya mlima, kisha mti hujirekebisha na kuelekea juu tena, kwa hiyo chini hubaki na tumbo. Ukiona miti yote ya miwati ya mteremko mmoja ina matumbo, jua ardhi hiyo haijatulia, hata kama nyumba iliyo juu yake imepakwa rangi jana. Mambo hayo chuoni sikufundishwa. Chuoni nilifundishwa kwamba ukitaka kujua thamani ya nyumba, uliza nyumba za jirani ziliuzwaje.

Jaribuni kuuliza, mtaona. Huku mtu humuuzia mtoto wa baba yake mdogo, kwa bei yenye undugu ndani yake na beberu juu yake, na kwenye karatasi ya serikali ya kijiji wanaandika kingine kabisa. Ukimuuliza muuzaji anakutajia kikubwa ili asionekane mjinga. Ukimuuliza mnunuzi anakutajia kidogo kwa sababu hiyohiyo. Dalali ndiye kabisa, yeye anakutazama usoni kwanza ajue unataka kusikia nini. Kwa hiyo tulirudi kwenye njia ya pili. Tunakadiria kuijenga nyumba hiyo upya kungegharimu nini leo, tunatoa uchakavu, tunajumlisha ardhi na mimea. Na hapo napo kuna mtego, kwa sababu mfuko wa saruji ulioshushwa na lori mlangoni si sawa na mfuko uliopandishwa kwa kichwa cha mwanamke kutoka barabarani. Tofali la kuchoma ni lilelile, lakini limefikaje?

Vifaa vyangu vilikuwa tepu, timazi ya kupimia ukuta kama umesimama wima, na pimamaji ya kupimia ulalo. Nyie leo mna simu zinazopiga picha kutoka angani, na mimi nilijifunza kuzitumia, msinifanye bibi wa kale. Ila picha ya angani inaonesha bati. Haioneshi mlango usiofungika.

Mambo ya kuchekesha yalikuwepo. Kuna bwana mmoja wa Bumbuli aliazima makochi ya majirani watatu na runinga ya shemeji yake, akajaza sebule hata pa kukanyaga hakuna, akijua nyumba yenye vitu hupata thamani kubwa. Nilipomwambia sihesabu makochi, mwenye kochi mmoja aliyekuwa dirishani akasema kwa sauti, "Basi nirudishieni langu, nina wageni." Mwingine alichomeka miche ya parachichi asubuhi hiyohiyo niliyofika, udongo bado mbichi, mingine ameipanda na mifuko yake ya plastiki. Nilimpa pole ya kazi. Watu hawa siwacheki kwa ubaya. Mtu anapouza nyumba huwa amebanwa, na aliyebanwa hujaribu kila kitu.

Sasa nije kwenye lile lililonikalisha kimya ukumbini.

Kulikuwa na muuguzi wa hospitali ya Lushoto mjini, jina lake Upendo, Mlutheri wa Mlalo, mjane mwenye watoto wadogo. Alitaka kurudi kuishi karibu na mama yake Mlalo. Akapata nyumba inauzwa katika kitongoji kimoja juu ya pale, ambacho wenyeji watakijua bila mimi kukitaja. Nyumba nzuri, ya matofali ya kuchoma, ina uwanja, ina maji ya bomba, na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Fedha zilikuwa za mkopo wa benki, na benki haitoi mkopo kabla mthamini hajaiona nyumba. Nikatumwa mimi.

Muuzaji aliitwa Mzee Shekiondo, seremala. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, milango na madirisha yote akayatengeneza yeye, kwa mbao za mkulo ambazo siku hizi huzioni tena. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa na kifua. Baridi ya kule juu ilikuwa inambana pumzi hata anakaa kitako usiku kucha, na daktari alikuwa ameshawaambia wateremke wakaishi kwenye joto. Binti yao alikuwa ameolewa Korogwe, ana chumba kimoja cha kupanga na mumewe. Mpango wa mzee ulikuwa mwepesi. Auze juu, anunue kibanda chini, mke wake apumue. Hakuwa na ardhi nyingine wala akiba. Nyumba ile ndiyo ilikuwa njia yao ya kuondoka.

Nilifika wakati wa kiangazi, jua kali, vumbi njia nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi! Karibu, karibu, mama yako ameshaweka chai," akasema, akichanganya na salamu ya Kishambaa.

Chai ilikuwa ya maziwa, na viazi vitamu vya moto. Bi Mwanaidi alikaa karibu na mlango, anapumua kwa sauti, lakini anacheka. Akaniambia, "Mwanangu, andika vizuri. Nimechoka kulala nimekaa." Nikamwambia, "Nitaandika nitakachokiona, mama." Akasema, "Basi ona vizuri." Tukacheka wote.

Mzee akanitembeza kwa maringo ya fundi. Akafika mlango wa chumba cha kulala, akausukuma, haukufunguka. Akautia bega, ukafunguka kwa kishindo.

"Huu huvimba kwa mvua," akasema. "Masika ikija naupiga randa, unatulia."

"Na sasa ni masika, mzee?"

Akacheka. "Mbao ina akili zake, mwanangu. Niachie mimi hiyo."

Nikautazama ule mlango. Ulikuwa umepigwa randa juu, lakini kwa mshazari, pembe moja imeliwa upana wa vidole viwili, pembe ya pili haijaguswa. Nikaenda kwenye mlango wa jikoni. Pembe ileile. Wa mbele, pembe ileile. Seremala mzuri kuliko wote Mlalo alikuwa anaikata milango yake mwaka hadi mwaka ili ilingane na miimo inayopinda, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mbao ya mkulo iliyokauka miaka mingi iendelee kuvimba, tena yote upande mmoja. Nikaweka pimamaji sakafuni. Kile kipovu hakikukaa katikati hata kidogo. Kilikimbilia upande wa mlimani, maana yake upande wa bondeni umeshuka. Ukutani kulikuwa na plasta mpya na chokaa.

"Hapa palikuwa na ufa?"

"Ufa mdogo tu. Nyumba ya kuuzwa lazima uiogeshe."

Hakuwa tapeli, nataka mlielewe hilo. Aliziba ufa kama mnavyoziba nyie, kwa sababu mgeni anakuja.

Tukatoka nje kutazama mipaka. Kwetu, kama mjuavyo, mpaka wa shamba na shamba ni mimea ya masale. Babu alipanda kwa kamba iliyonyooka, na tangu hapo hakuna mtu wa kuyagusa. Mtu aweza kukuibia ng'ombe, aweza kukuibia hata mke, lakini kung'oa isale la mpaka! Huyo hata wanawe hawatafuti wachumba karibu. Basi tulipofika kwenye mstari wa masale wa upande wa chini, akatoka mtu migombani, panga mkononi, anapiga kelele kabla hajatufikia.

"Mthamini! Andika na wizi wake! Andika!"

Huyo alikuwa Singano, jirani wa chini. Alinionesha kwa panga. Masale ya katikati ya mstari yalikuwa yameingia kwake, yametokeza kama tumbo la aliyeshiba. Singano alisema Shekiondo anayasogeza kidogokidogo kila mwaka ili ale shamba lake. Walishapelekana barazani. Walikuwa hawasalimiani kwa miaka, na Singano hakukanyaga hata msiba wa mama yake Shekiondo, jambo ambalo huku ni zito kuliko matusi. Mzee wa watu aliapa msikitini mbele ya jamaa wote kwamba hajagusa isale, na bado nusu ya kitongoji ilimwita mwizi.

Nikautembea ule mstari. Mwanzoni masale yalikuwa palepale penye jiwe la kona. Mwishoni vilevile. Katikati ndiko yalikotumbukia. Nikayashika. Mizizi ilikuwa mizima, ya miaka na miaka, hakuna udongo uliofukuliwa. Nikapanda juu, nikaipita nyumba, nikaingia kwenye shamba la maharage nyuma yake, na huko nikakuta mabua ya mahindi yamelazwa chini kwa urefu, kama njia. Nikayavuta kwa mguu. Chini yake ardhi ilikuwa imepasuka. Mpasuko ulianza usawa wa kona moja ya masale, ukapinda juu ya nyumba, ukashukia usawa wa kona ya pili.

"Mama, haya mabua?"

Bi Mwanaidi alikuwa amenifuata taratibu. "Niliyaweka mimi. Mbuzi alivunjika mguu hapo."

Nikakaa palepale kwenye maharage.

Niliporudi chini wale wanaume walikuwa bado wanatupiana maneno. Nikawaambia wanyamaze, na nilisema kwa ukali, maana nilikuwa naogopa. "Sikilizeni. Hakuna aliyegusa masale. Hakuna mwizi hapa. Ardhi yote hii, kutoka juu ya nyumba mpaka hapa mliposimama, inateremka, na masale inayabeba. Milango inakwama kwa hilo. Ufa ni huohuo. Iko siku itashuka yote kwa mara moja."

Singano akayatazama masale kama hajawahi kuyaona. Kisha Mzee Shekiondo akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi si mwizi."

"Mzee, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia, mwanangu. Umesema mimi si mwizi." Na uso wake ukafunguka, wallahi, alifurahi mtu yule kama amefungishwa nikahi upya. Akamgeukia jirani yake. "Singano, umesikia?"

Singano akaweka panga chini. "Nimesikia. Nisamehe, kaka." Wakapeana mikono juu ya masale, na Bi Mwanaidi akaenda kuleta ndizi mbivu, na ikawa kama karamu. Mimi nimesimama pale na pimamaji yangu, nawaambia jamani hameni, hameni kabla ya masika, na wao wananikatia ndizi. Singano peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna huku macho yake yako juu mlimani.

Niliandika ripoti. Ardhi nikaipa kidogo, kwa kuwa maharage hata pale yataota. Mahali pa thamani ya nyumba nikaandika sifuri, na sababu zake zote. Benki ikafunga jalada. Upendo alinipigia simu akaniuliza kama ni kweli, nikamweleza habari ya mpasuko. Akasema, "Wanangu wangelala chumba cha nyuma." Akashukuru, akakata.

Haikupita muda Mzee Shekiondo akaja ofisini. Alikuwa amevaa koti la Idi. Alivua kofia, akakataa kiti.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba. Andika hata kidogo. Andika nusu."

"Siwezi, mzee wangu."

"Robo."

"Mzee, ile nyumba itawaua. Nikiandika robo nimemuuzia mtu kifo."

"Na mimi je?" Hakupandisha sauti. "Yule mama muuguzi umemwokoa, Mungu akulipe. Mimi umeniacha humohumo ndani. Tofauti yangu na yake nini, ila yeye ni mnunuzi?"

Nieleweni, sikukaa kimya. Nilimwambia ahame hata leo. Nilimwambia nyumba ya marehemu mama yangu hapa Soni ina vyumba viwili vitupu, waje wakae bure mpaka Mungu atakapofungua njia. Akatikisa kichwa. Soni nako baridi, kifua cha mke wake ni kilekile. Basi aende kwa binti Korogwe. Akanitazama kwa mshangao. Chumba kimoja, pazia katikati, yeye alale upande huu na mkwewe upande ule? Mzee wa Kishambaa? Hata kula mbele ya mkwe ni shida, sembuse kukoroma! Akasema, "Nitakufa kwa aibu kabla mlima haujaniua." Akavaa kofia yake, akaniaga kwa heshima, akaondoka.

Nikaandika barua panapohusika. Nikajibiwa kwamba watakuja wataalamu, na naamini waliojibu walikusudia hivyo. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaitisha mkutano, nikaeleza mbele ya watu wote. Mnajua nilipata nini? Matusi. Mteremko ule una nyumba nyingi, na kila mwenye nyumba alisikia jambo moja tu, kwamba sifuri ya Shekiondo itamfikia na yeye. Mama mmoja akasimama akasema, "Huyu ametumwa na matajiri, tushushe bei wanunue wao." Sokoni Mlalo kuna wanawake waliogoma kuniuzia kabichi. Nilikuwa nazinunua Lushoto mjini, tena mbovu.

Aliyenisikiliza ni Singano. Alipakia mabati, mbuzi na wanawe, akahamia kwa shemeji yake Bumbuli. Na kuhama kwake ndiko kulikommaliza mwenzake, kwa sababu dalali akileta mteja, mteja anauliza nyumba ya chini mbona tupu. Wakaacha kuja. Bi Mwanaidi akaendelea kulala amekaa.

Masika ilianza vibaya mwaka ule, mvua nyembamba, ya siku nyingi, isiyo na kishindo. Hiyo ndiyo mbaya, maana huzama yote ardhini. Ilikuwa mchana. Bi Mwanaidi alikuwa jiko la nje anapika maharage, mzee yuko ndani, amejifungia kubadili nguo aende kuswali adhuhuri. Bibi akasikia sauti chini ya miguu, baadaye alisema ilikuwa kama mtu anasaga mahindi mengi kwa wakati mmoja. Akaita. Mzee akaitikia. Akaja mlango wa mbele akausukuma, umekwama. Akaupiga bega. Bibi akakimbia akaushika kwa nje, anavuta, na mzee anagonga kwa ndani, anamwambia, "Vuta, Mwanaidi, vuta." Kisha uwanja ukaondoka. Bibi alitupwa migombani, akavunjika paja. Nyumba, maharage, masale na zile mbao za mkulo, vyote vikaenda bondeni, vikapita juu ya pale palipokuwa pa Singano.

Singano alipopata habari alitoka Bumbuli palepale, akaja na jembe. Alichimba na vijana wa kitongoji mpaka wakaupata mwili wa mzee kesho yake. Walisema alikataa kupumzika, na alipoambiwa apishe wengine alilia kwa sauti mbele za watu. Ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Ofisini walinipongeza. Ndiyo, msishangae. Kuna mkubwa mmoja alinishika mkono, akasema, "Bi Tatu, ulitabiri!" Ripoti ile ikatolewa nakala, ikawa ya kufundishia semina, baadhi yenu mmeisoma, ina picha ya mlango. Niliikalia semina hiyo mara moja, nikatoka nje kabla haijaisha. Mkufunzi alikuwa anaeleza kwamba uthamini mzuri ulimlinda mteja na benki. Ni kweli tupu. Wala sijutii nilichoandika. Kesho mkinipeleka pale tena, ardhi ileile, nitaandika sifuri ileile, na nyie andikeni hivyohivyo, asije mtu akawaambia Bi Tatu alilegea uzeeni. Ninachowaambia ni kwamba mkishaandika, mnunuzi huenda zake na benki hufunga jalada, ila kuna mtu anabaki amekaa mle ndani. Huyo hayumo kwenye ripoti. Hakuna mahali pa kumjaza. Nilitafuta njia ya kumtoa sikuipata, na kama nyie mnaijua, basi mmenizidi na nitafurahi.

Bi Mwanaidi alilazwa hospitali ya Lushoto mjini. Nilikwenda kumwona na maziwa ya mgando na machungwa. Nilipoingia wodini, muuguzi aliyekuwa anamgeuza kitandani alikuwa Upendo. Walikuwa wanajuana, maana Upendo alishakwenda kuitazama nyumba kabla yangu, akanywa chai yao. Bibi alikuwa amemshika mkono.

"Watoto wako wazima?"

"Wazima, bibi."

"Alhamdulillahi. Wangekuwa mle ndani." Akampapasa mkono. "Ashukuriwe Mungu hukununua."

Upendo akageukia ukutani. Nikasogea kitandani, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Pole, mama."

"Marahaba." Alivuta pumzi kwa shida. "Mwanangu, wewe sikulaumu. Uliona, ukasema. Hata vyumba ulitaka kutupatia."

"Mama..."

"Ila usije tena. Nikikuona wewe, namsikia anagonga."

Niliweka maziwa na machungwa juu ya kabati nikatoka. Sikwenda tena, na alipofariki nilipeleka rambirambi kwa mkono wa Upendo.